Kamba ya Manila

Nyuma ya kaunta ya duka langu hapa Manundu, Korogwe, kuna roli saba za kamba. Tano ni za plastiki, za bluu, kijani na chungwa, na sisi huku tunaziita manila. Mteja anakuja, anasema, "Nikatie manila mita kumi, nina mbuzi ananisumbua." Napima kwa misumari miwili niliyoipigilia kwenye kaunta, nakata, kisha nawasha kiberiti naichoma ncha mpaka iyeyuke na kushikana, maana usipoichoma inafumuka kabla mteja hajafika stendi. Moshi wake ni mweusi na harufu yake inakaa kwenye vidole mpaka jioni. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na minne, na muda wote huo sikuwahi kujiuliza kwa nini kamba ya plastiki inaitwa jina la mji mkuu wa Ufilipino.

Roli mbili zilizobaki ni za katani, na hizo zinakaa sana. Ukitoka hapa kwenda Mombo unapita kwenye mkonge kulia na kushoto, lakini kamba ya mkonge dukani kwangu inapigwa vumbi.

Mimi ni mjukuu wa manamba. Babu mzaa mama alitoka Kasulu akiwa kijana, akaandikishwa kwa mkataba, akapanda treni ya reli ya kati na kumalizia kwa lori mpaka huku. Neno lenyewe limetokana na namba: kila aliyeandikishwa alipewa namba yake, na kuanzia hapo aliitwa kwa hiyo. Alisema atafanya kazi mkataba mmoja arudi. Hakurudi. Alizaa huku, amezikwa huku, na mpaka anakufa alikuwa akiwaita Wasambaa "wenyeji", kana kwamba yeye alishuka kwenye lori wiki iliyopita.

Ukimuuliza babu mkonge ulikufaje, alikuwa na neno moja tu. "Nailoni." Anatema mate pembeni, mazungumzo yamekwisha. Mjomba wangu, mwanaye wa kwanza, alisoma kidogo akawa karani wa shamba miaka ya sabini, na jibu lake ni jingine kabisa: "Ulikufa walipoutaifisha." Mjomba aliona kwa macho yake. Matrekta yamelazwa juu ya mawe kwa kukosa tairi. Meneja anahamishwa kabla hajayajua majina ya manyapara. Barua ya kuomba beringi ya korona, ile mashine ya kukwangua majani, inazunguka maofisini miezi minne huku majani yaliyokatwa yanaozea kwenye troli. Kila Krismasi wali ukishaliwa, hao wawili wanaanza. Babu alifariki mwaka 1998 na mjomba akabaki bila mpinzani. Kiti hicho nimekikalia mimi, ingawa kujiandaa kumenichukua miaka mingi.

Nilianza vibaya. Siku moja nimekwenda Dar kufuata mzigo, nikapita Mtaa wa Samora kwa wale wanaotandaza vitabu chini, nikanunua kitabu kinene cha uchumi cha Kiingereza. Mwenye nacho wa kwanza alikuwa amekichora kalamu ya njano kila mstari mpaka ukurasa wa 60, na kuanzia hapo kilikuwa kisafi kabisa. Ningekuwa na akili ya kusoma dalili ningekiacha palepale. Nilikisoma kwa kamusi, jioni nikishafunga hesabu, na kwenye kila sura palikuwa na mchoro uleule: mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka, wanakutana katikati. Bei ikipanda wauzaji wanaleta mzigo zaidi. Ikishuka wanapunguza. Sikatai, na dukani naona hivyohivyo kwenye misumari na kwenye bati. Lakini kukisoma kulikuwa kama kusimuliwa harusi na mtu asiyetaja bibi harusi ni nani wala ukoo gani umegoma kuja. Nami nilikomea karibu na ukurasa wa 60.

Kilichonirudisha ni filamu, tena kwa bahati tu. Mtoto wa kaka yangu alinifundisha kupakua filamu za makala kwa bando la usiku na kuzihamishia kwenye flashi, ili nitazame kwenye televisheni ya sebuleni. Nilikuwa nachukua chochote: piramidi, vita, papa. Usiku mmoja nimeweka moja inayohusu Mexico, nafikiri nitaona mahekalu, mara anatokea mzee mfupi mwenye kofia ya majani na panga mkononi, nyuma yake mistari na mistari ya mkonge mpaka upeo wa macho. Niliruka. "Mama! Njoo uone, watu wanakata mkonge!"

Mama alikuja na mwiko mkononi. Mama amezaliwa kambini, alikuwa akipeleka chakula shambani tangu ana miaka saba. Akasimama, akatazama, hakusema kitu. Yule mzee akakata jani, akaligeuza, akapitisha kisu ubavu huu, akapitisha ubavu wa pili, ndipo akaliweka kwenye fungu.

"Anafanya nini huyo?" mama akauliza. "Mbona anaparua pembeni?"

"Sijui, mama."

"Sisi tulikuwa tunaondoa mwiba wa nchani basi." Akasogea karibu kabisa na kioo. "Ahaa. Mkonge wao una meno."

Wiki mbili baadaye nilikuta kwenye kitabu kwamba mama alikuwa sahihi. Ule wa rasi ya Yucatán ni ndugu wa huu wetu, unaitwa henekeni, na majani yake yana miiba midogomidogo pembezoni kama msumeno. Wetu una mwiba wa ncha. Wataalamu wameandika kurasa kadhaa kueleza tofauti ambayo mama aliiona akiwa ameshika mwiko. Na jina "sisal" linalotumika duniani kote kumbe ni la bandari ndogo ya Yucatán ambako mizigo ya nyuzi ilikuwa ikipakiwa melini. Nimeishi katikati ya mkonge maisha yangu yote na sikujua kwamba jina lake la Kizungu lina forodha.

Kuanzia usiku ule niliacha kusoma "uchumi". Nikaanza kuifuata kamba.

Kamba hiyo ilinipeleka kwanza kwenye ngano ya Marekani. Miaka ya 1870 kulikuwa na mashine ya kukokotwa na farasi iliyovuna ngano na kuifunga matita kwa waya. Waya ukawa balaa, vipande vinaingia kwenye unga na kwenye matumbo ya ng'ombe. Ndipo fundi mmoja wa Wisconsin, John Appleby, akatengeneza kifaa cha kufunga fundo kwa uzi badala ya waya. Fundo tu. Lakini fikiria mashamba ya ngano ya Marekani yalivyo, kila tita linataka uzi wake, kila mavuno, kila mwaka. Uzi huo ulitoka Yucatán. Mji wa Mérida ukajaa majumba ya kifahari ya wenye mashamba, na mashambani kwenyewe wenyeji wa Kimaya walikuwa wakifanya kazi kwa deni lisilokwisha. Mashamba mengi yalitoa sarafu zake yenyewe, ambazo haziwezi kununua kitu popote isipokuwa duka la shamba hilohilo. Kabila la Wayaqui wa kaskazini, waliokuwa wakipigana na serikali, walikamatwa na kusafirishwa mpaka huko kufanya kazi. Mwaka 1902 kampuni kubwa za mashine za kuvunia ziliungana zikawa moja, International Harvester, na mwaka huohuo ikaingia makubaliano na mfanyabiashara mkubwa wa Yucatán, Olegario Molina, kuishusha bei ya nyuzi. Muuzaji wa mashine na mnunuzi wa uzi akawa mtu yuleyule.

Hapo nilisimamisha filamu nikapiga mahesabu ya dukani. Muuzaji wetu mmoja wa jumla aliwahi kutufanyia kitu cha jinsi hiyo na saruji, nami najua mtu anavyobanwa akiwa na mnunuzi mmoja au muuzaji mmoja. Kile kitabu nilichonunua Mtaa wa Samora kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hili, yenye mchoro wake, na nilikuwa nimeisoma bila kugundua kwamba inanihusu.

Wajerumani nao waliona bei ya uzi wa Yucatán wakautamani mmea. Aliyeuleta ni Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba miche ilitoroshwa Mexico ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, na watengeneza filamu hawawezi kuiacha. Kilichoandikwa vitabuni hakina mamba: Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako Mmarekani mmoja, Henry Perrine, alikuwa ameipeleka miaka ya 1830 akiwa konsuli wa nchi yake huko Campeche, Mexico. Ikapitia Hamburg, ikaja kwa meli, na mwaka 1893 iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Miche 62. Nilimsomea mama mstari huo, akaniambia nirudie. Tuna migomba mingi kuliko hiyo nyuma ya nyumba.

Mwaka huohuo wa 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika hapa Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Ardhi ilikuwepo, reli ikawepo, mmea ukashika. Kilichokosekana ni watu wa kuukata, kwa sababu mtu mwenye shamba lake la mahindi hana haja ya kwenda kuchomwa na miiba. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kodi ya nyumba. Waingereza walipochukua nchi wakaendelea na kodi, na wanayoitaka ni pesa. Kwa Wachaga kulikuwa na kahawa ya kuuza. Kwa Waha, Wangoni na Wabena serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kupeleka zao la biashara, maana nani basi angekuja Tanga? Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, na ndicho kilichomleta babu. Walter Rodney, yule Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kujulikana dunia nzima kwa kitabu chake cha 1972, ameandika pia juu ya hawa manamba. Kumkuta mtu wa hadhi ile amekaa chini kuhesabu posho ya watu kama babu yangu kulinifanya nifunge kitabu kwa muda nikapike chai.

Mama ana kopo la biskuti lenye vitu vya babu: cheni ya saa isiyo na saa, picha moja, na kipande. Kipande ni kadi ya kazi. Ina visanduku 30, siku moja ya kazi kisanduku kimoja, na mshahara ulilipwa visanduku vyote vikishajaa, kalenda iseme inavyotaka. Ukiumwa, kadi inangoja. Mvua ikivunja kazi, kadi inangoja. Zamani nilikuwa naiona kama karatasi ya kumbukumbu tu. Sasa naielewa ilivyofanya kazi: mwezi wa mwajiri ulikuwa na siku anazotaka yeye. Visanduku vimetiwa alama kwa kalamu ya risasi, nyingine zimefifia, na pembeni kuna doa la kahawia ambalo mama anasema ni utomvu wa mkonge. Utomvu huo unawasha, babu alikuwa na makovu yake mpaka kwenye viwiko. Jani zima alilolibeba, asilimia nne hivi ndiyo uzi. Kilichobaki ni maji na makapi, na yote hayo aliyabeba yeye.

Sasa manila.

Manila halisi ni kamba ya nyuzi za abaka, mmea wa ukoo wa mgomba unaoota Ufilipino. Ndiyo ilikuwa kamba ya meli, haiozi haraka kwa maji ya chumvi, na ilisafirishwa duniani kupitia bandari ya Manila. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Ufilipino pamoja na Java, ambako kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Kwa miezi michache tu Waingereza na Wamarekani, wenye meli maelfu baharini, wakawa hawana kamba. Walipotazama ramani wakaona Tanganyika na Kenya. Serikali ya Uingereza ikanunua mkonge wote kwa bei iliyoipanga yenyewe, na huku Tanganyika watu wakachukuliwa kwa lazima kwenda kukata. Vita vilipokwisha, vikafuata vya Korea mwaka 1950, kila nchi ikaweka akiba ya kamba, na bei ikaruka mno. Babu aliukuta wakati huo. Alikuwa akisema kuna mwaka wazungu wa shamba walinunua magari mapya wote kwa pamoja, na yeye akanunua blanketi.

Baadaye plastiki ilipokuja, ilichukua soko la manila na jina lake pia. Nikiichoma ile ncha siku hizi huwa naicheka mwenyewe: plastiki imevaa jina la mgomba.

Ni mwaka 1954 ndipo Giulio Natta, mkemia wa Milano, alipoipata ile polipropilini ngumu, plastiki ya kamba hizi, inayofaa kuvutwa ikawa nyuzi. Mwaka 1963 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Kwa hiyo babu aliikosea jina tu, haikuwa nailoni, lakini mkosaji alimjua. Niliandika 1954 kwenye karatasi ya mwisho ya daftari la madeni, kisha nikaanza kuipanga mingine chini yake. 1964: Tanzania inatoa mkonge zaidi ya tani 200,000, haijawahi kutoa zaidi ya hapo. Wakati huohuo bei inaanza kuporomoka, na inaporomoka miaka mitatu mfululizo. 1967: Azimio la Arusha mwezi Februari, na baadaye mwaka huo serikali inachukua sehemu kubwa ya mashamba. Nilipoiona miaka imekaa kwenye mstari mmoja nilipiga meza. Bei ilianguka kwanza! Kutaifisha kulikuja baadaye. Ugomvi wa Krismasi ishirini, na hakuna aliyewahi kuandika tarehe.

Hapo ndipo nilipokipenda tena kile kitabu kinene, kwa kukigombeza. Mchoro wake unasema bei ikipanda mzigo unaongezeka. Mwaka 1973 mafuta yalipanda duniani, plastiki ambayo inatokana na mafuta ikapanda nayo, na bei ya mkonge ikaruka juu kwa kishindo. Kwa mujibu wa mchoro, Tanga ilitakiwa kumwaga mkonge. Lakini mkonge unataka kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na miaka ya bei mbaya watu walikuwa wameacha kupanda. Bei ilikuja kugonga hodi ikakuta mashamba yaliyozeeka. Mpaka mche uliopandwa mwaka ule ukomae, bei imeshaondoka.

Tena hata hiyo bei nzuri haikuwa nzuri kama inavyosikika. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake wa trekta: mwaka 1965 alilinunua kwa kuuza tani 17.25 za mkonge, na mwaka 1972 trekta la aina ileile lilitaka tani 42. Mwaka 1974, bei za mazao zikiwa juu na dunia nzima ikizizungumzia, bado lilitaka asilimia 57 zaidi ya mwaka 1965. Nimepiga, ni kama tani 27. Kumbe Muajentina mmoja, Raúl Prebisch, na mwenzake Hans Singer walishaliandika jambo hili tangu mwaka 1950, kwamba anayeuza mazao na kununua mashine atakuwa anaongeza magunia kila mwaka kupata mashine ileile. Mimi nauza kamba na kununua bati, na najua kuwa wataalamu wenyewe wana ubishi mrefu juu ya nadharia hiyo, lakini ile ya trekta imenikaa.

Neno moja juu ya filamu, kwa sababu watu huniuliza nianze na ipi. Filamu hukupa sura na mikono, mama asingeyaona yale meno kitabuni. Ila nina kipimo changu: ikifika nusu saa haijanitajia bei ya kitu chochote, naizima. Nyingi zina muziki wa huzuni na droni inapita juu ya mashamba jua likizama, na mwisho hujui jani lilinunuliwa shilingi ngapi wala nani alilinunua. Vitabu navyo navianzia nyuma, kwenye faharasa. Nikikuta "Tanga" nanunua.

Basi, Krismasi iliyopita nikamkalia mjomba. Ana miaka sabini na kitu, masikio mazima, chai yake ya tangawizi bila sukari. Nikafungua daftari la madeni, nikamsomea mwaka mmoja mmoja kuanzia Milano mpaka trekta. Hakunikatiza. Mama alikuwa mlangoni, nadhani alikuwa anajivunia.

"Umesoma," mjomba akasema. "Sasa hao wa Mexico wako, wenye mkonge wa meno. Yaliwakuta nini?"

Nikamweleza, na nilikuwa sijaona ninakoelekea. Rais Lázaro Cárdenas aliyagawa mashamba ya henekeni kwa wakulima mwaka 1937. Viwanda vya kamba navyo vikaja kuwa vya serikali mwaka 1964, shirika moja kubwa, Cordemex. Likaenda kwa hasara miaka na miaka, likafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mjomba aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeokota noti. "Serikali," akasema.

"Mjomba, na plastiki ilikuwepo!"

"Plastiki ilikuwepo. Na Brazil je? Karani mwenzangu alikuwa akisoma taarifa za soko, sisi tukishuka, Brazil inatajwa. Nailoni haikufika Brazil?"

Ilifika. Na Brazil ndiyo inayoongoza kwa mkonge duniani mpaka leo, sisi tuko nyuma yake. Nilijua hilo, lilikuwa kwenye daftari, ila nililiandika pembeni kwa herufi ndogo kwa kuwa halikuingia vizuri kwenye mstari wangu. Nikaomba muda.

Kwa hiyo sasa hivi nipo Bahia, jimbo la Brazil, kwa bando la usiku. Kule mkonge uko mikononi mwa wakulima wadogo wengi, na korona si jengo la shamba, ni kimashine cha injini kinachokokotwa kutoka shamba hadi shamba na kutegwa palepale majani yalipo. Hakuna troli, hakuna meneja, hakuna barua ya beringi. Nikaanza kufurahi kwamba nimepata jibu. Kisha kamera ikasogea. Mtu anasukuma jani kwa mkono mtupu kwenye meno ya mashine, analivuta, analigeuza, anasukuma upande wa pili, na mkono unafika karibu sana na meno hayo kila mara, jani baada ya jani. Wanaofanya kazi hiyo wengi hawana vidole kamili. Mama aliinuka akasema anakwenda kuangalia mlango wa kuku.

Ikiwa wao walinusurika kwa sababu mashine ni ndogo na bila serikali, mjomba ameshinda nusu. Ikiwa walinusurika kwa sababu mkulima maskini wa nchi kame hana zao jingine na hulipwa kidogo mno, basi hilo si jambo la kutaifisha wala kutotaifisha, na itabidi nianze ukurasa mpya wa daftari. Nimepata kitabu kimoja, cha Kireno, na kamusi yangu ni ya Kiingereza.

Jana mjomba amepita dukani kununua manila mita sita, ana mlango wa banda umelegea. Nimepima, nimekata, nimewasha kiberiti. Naichoma ncha ya kwanza, akauliza, "Brazil wamesemaje?"

Nikamwambia bado nasoma. Akaipokea kamba, akaivuta kuona kama imeshika, akadai nimpunguzie mia mbili.